Mwenye Heri James Duckett, Muuza Vitabu wa London

Tukitaja mashahidi wa Uingereza, wengi wetu humkumbuka haraka Mtakatifu Thomas More, aliyekuwa waziri mkubwa wa mfalme, au Mtakatifu Edmund Campion, Myesuiti. Leo tunapenda kumkumbuka mlei asiye na cheo chochote, mtu aliyeishi kwa kuuza vitabu.

James Duckett alizaliwa Skelsmergh, kaskazini mwa Uingereza. Jina alirithi kwa msimamizi wake wa ubatizo, James Leyburn, aliyeuawa mwaka 1583 chini ya Malkia Elizabeth I. Hata hivyo James alilelewa katika Uprotestanti, akapelekwa London kujifunza kazi kwa mchapaji. Huko rafiki yake alimwazima kitabu kimoja kilichoeleza misingi ya imani katoliki. Alipokisoma, akaacha kwenda kwenye ibada za Kanisa la serikali.

Siku hizo jambo hilo lilikuwa kosa la jinai. Tangu mwaka 1581 aliyekataa kuhudhuria ibada hizo alitozwa pauni 20 kwa mwezi, fedha ambazo fundi wa kawaida asingeweza kuziota. Kijana wetu alifungwa mara mbili, na mara zote mbili tajiri wake alimtoa, ila mara ya pili akamwomba aondoke, maana balaa lilikuwa limekaribia mlango wake. Hatumlaumu sana. Baadaye James alipokelewa katika Kanisa Katoliki na padre mzee aliyekuwa mfungwa katika gereza la Gatehouse. Katekesi yake, basi, aliipata gerezani.

Mnamo mwaka 1590 alimwoa Anne Hart, mjane mkatoliki, akafanya biashara ya vitabu. Vitabu vya Kikatoliki vilichapwa ng'ambo, katika miji kama Antwerp, au kwa siri nchini, vikapitishwa mkono kwa mkono. Mapadre walikuwa wachache na wa kujificha, kwa hiyo familia nyingi zilishika imani kwa kitabu cha sala kilichofichwa nyumbani. Kazi ya Duckett ilikuwa kuwafikishia. Katika miaka 12 hivi ya ndoa yao, miaka 9 aliikaa kifungoni. Tunawaomba wenye ndoa waitafakari hesabu hiyo, na zaidi wamfikirie Anne.

Aliyemsaliti alikuwa Peter Bullock, fundi wa kutia vitabu jalada, aliyekuwa mfungwa na alitumaini kujinunulia uhuru. Nyumba ilipekuliwa, vitabu vikapatikana, Duckett akatupwa katika gereza la Newgate. Mahakamani Bullock alieleza kwamba alimtilia jalada vitabu vya Kikatoliki, na Duckett hakukana. Wazee wa baraza walimwona hana hatia. Hapo Jaji Popham akasimama, akawataka wafikiri tena, kwa kuwa kati ya vitabu hivyo kilikuwamo kile cha Richard Bristow, mwalimu wa seminari ya Douai, kilichotetea imani katoliki. Wazee wakageuza hukumu yao. Mtu akahukumiwa kifo kwa ajili ya jalada la kitabu!

Bullock naye hakupata alichokitafuta. Tarehe 19 Aprili 1602 wote wawili walipakiwa katika mkokoteni mmoja kwenda kunyongwa Tyburn. Njiani Anne alikuja kumuaga mumewe, na Duckett akaomba kinywaji. Akaletewa divai, akanywa, kisha akamwomba mkewe anywe kwa kumtakia heri Peter Bullock na kumsamehe kutoka moyoni. Anne alikataa. Tunamwelewa: msaliti ameketi pale pale, ubavuni mwa mumewe, naye atarudi nyumbani peke yake. Duckett alimsihi kwa upole, wala hakumkaripia, na mwishowe Anne alikunywa. Chini ya mti wa kunyongea alimkumbatia Bullock, akamsihi afe mkatoliki.

Kesho yake mapadre watatu, Francis Page, Thomas Tichborne na Robert Watkinson, waliuawa pale pale Tyburn.

Papa Pio XI alimtangaza Duckett mwenye heri tarehe 15 Desemba 1929. Habari zake nyingi zimetufikia kupitia mwanawe John, aliyekuja kuwa mmonaki na mkuu wa Wakartusiani Waingereza huko Nieuwpoort, Flanders. Ni yeye aliyeisimulia habari ya kile kikombe cha mama yake.