Emin Pasha, Mpimaji wa Hewa wa Lado

Sisi tukaao Nesitu, kando ya njia itokayo Juba kwenda Nimule, twajua jinsi mvua iwezavyo kuchelewa mwaka huu na kuzidi mwaka ujao. Lakini mtu akituuliza kama joto la siku hizi ni kali kuliko la zamani za babu zetu, hatuwezi kumjibu kwa kukisia. Yatupasa kutafuta aliyepima na kuandika. Mmoja wa watu hao ni Emin Pasha.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, ambao leo umo nchini Poland, na jina lake lilikuwa Eduard Schnitzer. Alisomea udaktari akahitimu mwaka 1864, kisha akaenda kufanya kazi katika dola ya Waturuki, na huko alijifunza lugha nyingi. Mwishoni mwa mwaka 1875 alifika Khartoum. Gordon, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta, alimwita awe daktari wake huko Lado, kando ya Nile, kaskazini ya mahali palipo Juba leo. Mwaka 1878 daktari huyo, ambaye sasa aliitwa Emin, akafanywa gavana mwenyewe.

Utawala ule haukuwa mwema kwa kila mtu. Askari wake walikula nafaka na ng'ombe za wenyeji, na Wabari waliona taabu nyingi. Hayo hayafai kufichwa. Lakini gavana huyo alikuwa na kazi nyingine aliyoipenda: alikusanya ndege na mimea, akapima hali ya hewa, akayaandika yote daftarini.

Kazi ya kupima ni rahisi kwa macho ya mtazamaji, lakini ina masharti magumu. Kipimajoto sharti kiwe kivulini, tena mahali pale pale daima. Jicho liwe sawa na kimo cha zebaki. Ukichungulia kutoka juu utasoma namba nyingine. Saa zisibadilike: katika nchi alikotoka Emin, desturi ya wapimaji ilikuwa saa 1 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku. Tena chombo chenyewe chaweza kusema uongo, kwa hiyo hujaribiwa kwa kitu kijulikanacho, kama maji yachemkayo. Kwenye kimo cha Juba, yapata mita 460 juu ya bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 99. Wasafiri wa zamani walitumia njia hiyo kujua kimo cha nchi, na kosa la uzi mmoja tu liliwapoteza kwa mita 300 hivi!

Ndipo matatizo yalipomjia Emin. Vita vya Mahdi vilifunga njia ya mto, na tangu mwaka 1883 meli hazikuja tena kutoka Khartoum. Mwaka 1885 aliondoka Lado akahamia Wadelai, kusini. Hapakuwa na mshahara wala barua, na macho yake yalikuwa mabovu hata akasoma kitabu kikiwa karibu kugusa uso. Hata hivyo hakuacha kupima, wala kuandika kwa herufi zake ndogo sana.

Mwaka 1888 askari wake wenyewe walimwasi wakamfunga Dufile. Stanley alimtoa akamfikisha Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889, na usiku ule ule Emin, kwa uoni wake hafifu, alianguka kutoka ghorofani akaumia vibaya. Alipopona, aliingia katika utumishi wa Wajerumani, akarudi bara, akaanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Mwezi Oktoba 1892 aliuawa katika misitu ya Kongo. Vitabu vyake vilivyookolewa vilichapishwa Ujerumani baadaye, navyo vyasomwa hata leo.

Kazi hiyo haikufa naye. Mwaka 1989 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilianzisha mtandao wa kuchunguza hewa ya ulimwengu wote, na mwaka 1999 kituo chake kimoja kilifunguliwa katika Mlima Kenya, kimo cha mita 3,678. Wakaguzi wa taasisi ya Empa, kutoka Uswisi, wamepanda huko mara kadhaa kulinganisha vyombo vya kituo na vyao. Sababu ni ile ile: namba ya Kenya na namba ya Uswisi hazilinganishwi mpaka vipimo vyao vikubaliane.

Basi, wenzangu, mwanafunzi apewaye zamu ya kusoma kipimamvua akumbuke jambo moja. Siku asipokwenda, na aache nafasi tupu daftarini. Nafasi tupu humwambia msomaji kwamba siku ile haikupimwa, lakini namba ya kubuni humdanganya miaka mia, na yeye hana njia ya kuitambua.