William Harper: Jamaa aliyeipa heshima miaka miwili ya chuo

Kila Desemba nikirudi ocha kuna swali huwa nalihepa. Shangazi akishamimina chai, ananiuliza nilisomea nini hasa kule chuoni. Nikimwambia nilisoma miaka miwili halafu karo ikakatika, ananiangalia kama abiria aliyelipa nauli ya Kisumu akashukishwa Naivasha.

Na ukweli usemwe, hiyo miaka miwili sikuwa nimelala. Nilimaliza yuniti zote za lazima, zile ambazo watu wa kozi zote hurundikwa ukumbi mmoja, wa uhandisi kando ya wa ualimu, waliochelewa wakikaa kwa ngazi. Mawasiliano, hesabu, kompyuta, maendeleo, falsafa kidogo. Tulizilalamikia sana. Tulisema zinatupotezea muda, watuletee kozi yenyewe. Siku niliyotoka, hakuna aliyenipa hata kikaratasi cha kusema huyu kijana alifika hapa. Ni kama sikuwahi kukanyaga huko.

Sasa juzi nikakutana na maisha ya Mmarekani mmoja aitwaye William Rainey Harper. Alifariki 1906, lakini swali la shangazi yangu alikuwa amelishika kabla shangazi hajazaliwa: mtu akisoma chuo miaka miwili akaishia hapo, anatoka na nini?

Wacha nikupe stori yake.

Harper alizaliwa Julai 24, 1856, huko New Concord, mji mdogo katika jimbo la Ohio. Babake alikuwa na duka. Mtoto mwenyewe alikuwa na kichwa cha kutisha. Muskingum, chuo cha hapo kwao, kilimpokea angali mdogo kabisa, na mwaka wa 1870, akikaribia kufikisha miaka 14, akahitimu digrii ya kwanza. Umri ambao mimi nilikuwa nahangaika na insha za darasa la nane, yeye alisimama siku ya mahafali akatoa hotuba kwa Kiebrania.

Halafu? Halafu akarudi dukani kwa babake. Kwa miaka kama mitatu msomi wetu alikuwa nyuma ya kaunta akihudumia wateja, huku akiendelea kusoma lugha na kupiga tarumbeta katika bendi ya mtaa. Hii sehemu naipenda. Kumbe kuwa na digrii na bado uko dukani si sisi tulioanza.

Mwaka wa 1873 akaenda Yale. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 18 tu, akapata shahada ya uzamifu. Utafiti wake ulilinganisha vihusishi vya Kilatini, Kigiriki, Kisanskriti na Kigothi. Usiniulize zaidi. Mwaka huohuo akamwoa Ella Paul, binti wa mkuu wa chuo cha Muskingum.

Akafundisha Tennessee, akarudi Ohio kufundisha Denison, na mwaka wa 1879 akaajiriwa na seminari ya Wabaptisti huko Morgan Park, karibu na Chicago. Kazi yake ilikuwa Kiebrania. Hebu fikiria: nani anaamka asubuhi akitaka kusoma Kiebrania? Harper aliwafanya watu watake. Alianzisha madarasa ya likizo, kisha akaanza kufundisha kwa posta. Unatumiwa somo kwa barua, unalifanya ukiwa nyumbani kwako, unalirudisha lisahihishwe. Yaani masomo ya mbali kabla ya simu kuingia kila mfuko.

Alifundisha pia Chautauqua, katika jimbo la New York, mahali ambapo watu wa kawaida walikusanyika msimu wa joto kusoma. Walimu wa shule, wachungaji, akina mama wa nyumbani. Wengi wao hawangeweza kuacha kazi miaka minne wakakae chuoni. Walikuja na wiki chache walizokuwa nazo, wakachukua walichoweza, wakaenda. Mimi nadhani hapo ndipo Harper alipoona kwamba elimu kidogo iliyopangwa vizuri bado ni elimu.

Yale walimrudisha mwaka wa 1886 kama profesa wa lugha za Kisemiti. Lakini kulikuwa na bwanyenye wa mafuta, John D. Rockefeller, ambaye Wabaptisti wenzake walikuwa wanamsukuma ajenge chuo Chicago. Mwaka wa 1889 Rockefeller aliahidi dola 600,000, mradi wengine wachange 400,000. Kisha wakamtafuta Harper awe mkuu.

Harper alisitasita. Alihofia kwamba namna yake ya kuichambua Biblia ingemletea maneno na wakubwa wa dini. Tena hakutaka chuo kidogo, alitaka chuo kikuu kamili chenye utafiti. Rockefeller akaongeza dola milioni moja. Harper akakubali, akaanza kazi 1891, na Oktoba 1, 1892, Chuo Kikuu cha Chicago kikafungua milango kikiwa na wanafunzi karibu 600, wanawake wakiwemo. Walimu alikuwa ameenda kuwavua kokote, hata chuo cha Clark kule Massachusetts kilipoteza maprofesa wengi kwa mkupuo mmoja. Mwaka wa masomo aliugawa robo nne, mojawapo msimu wa joto, ili mtu aweze kusoma, apumzike robo moja akatafute pesa, kisha arudi bila kupoteza nafasi yake.

Sasa tuje penye swali letu.

Harper aliikata digrii ya miaka minne katikati. Miaka miwili ya kwanza akaiita chuo cha awali, miwili ya mwisho chuo cha juu. Kwenye ile ya awali mwanafunzi hakuruhusiwa kujifungia kwenye kitu kimoja. Ilibidi apitie Kiingereza, hesabu, historia, sayansi na lugha za kigeni, na hata mazoezi ya mwili yalikuwa lazima. Ukitaka kuzama kwenye somo moja, ulisubiri ufike juu.

Mpaka hapo utasema: sawa, si ni zile yuniti za ukumbini tu? Ndiyo, ni zilezile. Tofauti iko kwenye hatua iliyofuata. Mwaka wa 1899 Harper aliwashawishi wakuu wa chuo kwamba anayemaliza sehemu ya awali apewe cheti chake chenye jina lake, na mwaka wa 1900 wa kwanza wakakipokea. Ndiyo digrii ya miaka miwili ambayo Wamarekani huiita asosieti.

Sababu zake hazikuwa za huruma tu. Aliona kwamba wanafunzi wengi wangefaa kuishia mwaka wa pili, lakini wanajikokota mpaka mwisho kwa kuogopa aibu ya kuonekana wameacha. Aliona kwamba wengine hawaanzi kabisa kwa sababu miaka minne ni mlima, ilhali miwili wangeiweza. Aliona pia kwamba shule za udaktari na sheria zingeweza kudai angalau miaka hiyo miwili kabla ya kumpokea mtu. Kwa hivyo mwaka wa pili haukuwa tena shimo katikati ya barabara. Ulikuwa kituo. Unaweza kushuka hapo ukiwa na mzigo wako, au ukaendelea na safari.

Lakini ili kituo kiwe kituo, lazima kuwe na kitu pale. Hapa ndipo nilipozielewa zile yuniti tulizozitukana. Kama Harper angejaza miaka miwili ya kwanza kwa vipande vya utaalamu, anayeshuka hapo angetoka na nusu ya uhasibu au robo ya kemia, na hakuna anayeajiri robo ya mkemia. Anayetoka akijua kuandika vizuri, kupiga hesabu, kusoma historia kwa jicho la kuuliza na kuelewa jinsi sayansi inavyopima mambo, huyo ana kitu kizima, hata kama ni kidogo.

Tusimfanye malaika lakini. Harper alikuwa na hesabu zake. Alitamani chuo kikuu kibaki na utafiti, na wanafunzi wa miaka ya mwanzo wasomee kwingine. Alitaka pia vyuo vidogo visivyo na pesa viache kujifanya vikubwa, vifundishe miaka miwili tu na kuwatuma wanafunzi wao mbele. Mwaka wa 1902 aliunga mkono mpango wa kuwatenga wasichana na wavulana madarasani katika chuo cha awali, na watu wakampinga vikali. Pesa nazo zilikuwa zinamwagika. Karibu kila mwaka chuo kilitumia zaidi ya kilichokuwa nacho, na Rockefeller akawa anaziba pengo huku amekunja uso.

Ajabu ni kwamba wazo hilo la mkuu wa chuo cha matajiri liligeuka mlango wa watoto wa wafanyakazi. Mwaka wa 1901, kule Joliet, mji wa viwanda ulio kusini-magharibi mwa Chicago, mwalimu mkuu wa shule ya upili J. Stanley Brown alishirikiana na Harper kuongeza masomo ya chuo juu ya yale ya shule. Walianza na wanafunzi sita. Sita! Darasa la kuenea kwa probox moja. Chuo hicho bado kipo, na kinahesabiwa kuwa chuo cha jamii cha umma kilichodumu zaidi Marekani. Leo nchi hiyo ina vyuo vya aina hiyo karibu 1,000.

Harper hakuuona msitu uliotokana na hiyo mbegu. Mwaka wa 1904 alifanyiwa upasuaji, na baadaye ikabainika ana saratani. Hakwenda kulala. Mwaka wa 1905, maumivu yakiwa mwilini, alitoa kitabu chake kikubwa cha kuwachambua manabii Amosi na Hosea, na kingine kuhusu mwelekeo wa elimu ya juu. Alifariki Januari 10, 1906, akiwa na miaka 49. Huko Palatine, Illinois, kuna chuo cha miaka miwili chenye jina lake.

Ukienda leo kusomea digrii ya asosieti Marekani, kwa kawaida ni krediti 60 hivi. Shirika linalokagua vyuo vya majimbo ya kusini linadai angalau 15 kati ya hizo ziwe za elimu ya jumla, na lazima uguse sanaa au fasihi, sayansi ya jamii, na sayansi asilia au hesabu. Kama unapanga kuendelea hadi digrii ya miaka minne, zinakuwa nyingi zaidi. Ndiyo maana ukiwa na binamu kule Texas anayesomea uuguzi, utamsikia akilia na insha za Kiingereza na saikolojia kabla hajagusa mgonjwa. Mwambie avumilie. Krediti hizo ndizo rahisi zaidi kuhama nazo, kwa sababu karibu kila chuo kinazihitaji. Ila kabla ya kulipa, aulize chuo anachotaka kuhamia kitapokea zipi, tena apate jibu kwa maandishi.

Na sisi huku? Tangu 2014 Kenya ina sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo, na mojawapo ya malengo yake ni mtu aweze kubeba alichosoma kutoka ngazi moja hadi nyingine. Wazo ni zuri. Lakini mtaani nawajua wengi waliokwama mwaka wa pili au wa tatu na wakitafuta kazi wanaandika KCSE tu, eti hiyo miaka mingine haikuwepo. Wanaificha kama kosa. Mimi pia nimewahi kuificha.

Sidai kwamba miaka miwili inatosha. Aliyemaliza minne amenizidi, na kama karo ingepatikana ningemaliza. Ninachosema ni kwamba zile asubuhi za ukumbini hazikuyeyuka. Haya mnayosoma hapa nayaandika kwa sababu mwalimu mmoja wa mawasiliano alikataa insha yangu mara tatu.

Kama nawe uliishia njiani, usichome karatasi zako. Omba transkripti, hata kama kuna deni, angalau ujue kinachodaiwa ni ngapi. Orodhesha yuniti ulizopita. Chuo cha diploma unachokitazama kinaweza kukuondolea baadhi, lakini hakitakuuliza kama hukianzi wewe.

Mimi barua yangu niliituma wiki mbili zilizopita. Bado sijajibiwa. Desemba shangazi akimimina chai, nitamtajia yuniti zangu moja moja, na kama atakuwa na subira, nitamwambia pia habari za kijana wa duka la New Concord.