Carl Gustav Jung, munganga aliyepima vidonda kwa maneno

Leo tunawaletea maisha ya munganga wa Uswisi, Carl Gustav Jung. Wengi wanamjua ju ya mambo ya ndoto. Sisi tunamleta ju ya jambo lingine, tena linatuhusu sisi watu wa Makobola: alionyesha kama neno linaweza kumgusa mtu ndani, mbele yeye mwenyewe atambue.

Jung alizaliwa tarehe 26 Julai 1875 katika kijiji cha Kesswil, pembeni ya ziwa Constance. Baba yake alikuwa mchungaji. Alisoma uganga mjini Basel, halafu mwisho wa mwaka 1900 akaingia kazi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli, mjini Zürich, chini ya munganga mkubwa Eugen Bleuler.

Hapo njo alianza, pamoja na mwenzake Franz Riklin, kazi iliyomletea sifa. Alimsomea mtu maneno moja moja: kichwa, maji, kifo, meli. Orodha yake iliyojulikana sana ilikuwa na maneno 100. Mtu alipaswa kujibu upesi, kwa neno la kwanza linalomjia. Jung alishika saa mkononi, anapima. Maneno mengi yalijibiwa bila shida. Lakini kwa mengine mtu alichelewa, ao alicheka, ao alirudilia neno lile lile. Ukimuuliza sababu, mara nyingi hata hakujua kama amechelewa. Jung akaona kama maneno yale yamegusa kitu kilichofichwa: kifo, haya, mapendo yaliyovunjika. Fundo hilo la ndani akaliita kompleksi, na leo neno hilo liko vinywani mwa watu wengi.

Walijaribu pia kugawanya uangalifu wa mtu. Alipaswa kuchora mistari kwa kufuata mapigo ya chombo, na huku anajibu. Kumbe majibu yalibadilika: maana ilipungua, mlio ukaongezeka. Ni kama kwetu mtu asikie "kuku" ajibu "huku", pahali pa kujibu "yai". Basi, kwa kufuata maana sawasawa tunahitaji uangalifu. Lakini ile saa ilionyesha upande wa pili. Neno linalogusa kidonda haliombi ruhusa. Linauvuruga uangalifu, na mwenyewe hana habari.

Kazi hiyo ilimfungulia mlango wa Sigmund Freud, wakaonana Vienna mwaka 1907. Mwaka 1909 walisafiri pamoja mpaka Marekani, Jung akafundisha kule ju ya majaribio yake. Mwaka 1913 urafiki wao ulikwisha.

Mwisho wa mwaka 1925 Jung alishuka Mombasa, akapita Nairobi mpaka mlima Elgon. Kule aliongea na wenyeji kwa Kiswahili, kwa msaada wa kamusi ndogo. Siku moja, katikati ya baraza, alitamka neno lao la mizimu. Kimya kikaanguka pale pale. Wengine walitazama pembeni, wengine wakajiondokea, na Msomali aliyesimamia safari yake akamnong'oneza kama sasa baraza inapaswa kufungwa. Jung aliandika ju ya Waafrika sawa watu waliobakia kwenye mwanzo wa dunia. Hapo hatumfuati hata kidogo. Saa yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kuonyesha kama Mzungu wa Zürich naye anakwama neno lake likitajwa.

Jung alifariki tarehe 6 Juni 1961 katika Küsnacht, akiwa na miaka 85.

Sasa turudi kwetu. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 mpaka siku za kwanza za Januari 1999, waaskari waliua mamia ya raia katika Makobola na vijiji vya jirani. Kwa watu wa pahali pengine, neno "bonane" ni wali, nyama na nguo mpya. Kwa mama aliyezika watu wake siku zile, neno hilo hilo linaweza kumkata pumzi, hata kama analisikia kwa mbali kwenye redio na mikono yake iko kwenye sombe.

Jung alitumia kipimo chake hata kwa kutafuta mwizi. Hapo kuna hatari, kwani mtu asiye na kosa, akijua anashukiwa, naye anatetemeka. Kukwama kunaonyesha kama neno limegusa. Hakuonyeshi kama mtu anasema uongo.

Kwa hiyo tunawaomba wale wanaokuja kuandika ushuhuda wetu, waalimu, wauguzi na watu wa sheria: mzee akinyamaza katikati ya swali, ao akijibu kitu kingine, msiandike kama amesahau, wala msiandike kama anaficha. Pengine yeye mwenyewe hajui kilichomshika. Mpeni maji, mngoje. Akitaka kuacha, mrudi siku ingine.