Herbert Garratt, mtu aliyebuni kichwa cha treni kilichofaa reli zetu

Msikilizaji wetu wa Sumbawanga, Laela au Namanyere akitaka kwenda Tabora kwa treni, kwanza hupanda basi mpaka Mpanda. Reli kutoka Kaliua ilifika hapo karibu mwaka 1950, ikifuata madini ya risasi, wala haikupandisha hadi Ufipa. Wazee waliosafiri enzi zile wanalikumbuka garimoshi kwa honi yake na wingu la mvuke. Leo tunasimulia maisha ya fundi Mwingereza ambaye ubunifu wake ulivuta mizigo mizito ya Afrika Mashariki, ingawa yeye alikufa kabla haujafika huku.

Herbert William Garratt alizaliwa London mwaka 1864. Mwaka 1879, akiwa bado kijana mdogo, alianza kujifunza ufundi katika karakana ya reli ya Bow, mashariki mwa jiji hilo. Alipokomaa kikazi alivuka bahari. Alihudumia reli za Argentina, Cuba, Peru, Australia na hata Lagos, Nigeria.

Katika nchi nyingi za namna hiyo tatizo lilikuwa moja. Reli zilijengwa kwa gharama ndogo: njia nyembamba, vyuma vyepesi, madaraja yasiyohimili uzito mkubwa, milima mirefu na kona kali. Mizigo ilikuwa mingi, lakini kichwa kikubwa cha treni kingeharibu reli na madaraja. Kidogo nacho hakikuweza mlima.

Inaelezwa kwamba Garratt alipata wazo lake aliporudi Uingereza na kukagua mabehewa ya kubebea mizinga mikubwa. Mwaka 1907 aliomba hakimiliki ya ubunifu wake.

Ili kuuelewa, tufikirie watu wawili waliobeba mzigo mzito uliofungwa kwenye mti mmoja, mmoja mbele na mwingine nyuma. Uzito umegawanyika, na njia ikipinda kila mmoja hugeuka kwa wakati wake. Garratt alifanya vivyo hivyo. Tangi kubwa la kuchemshia maji aliliweka katikati, likining'inia kati ya injini mbili, kila moja na magurudumu yake. Mbele kulikaa maji, nyuma makaa au mafuta pamoja na maji mengine. Kwa kuwa chini ya tangi hilo hapakuwa na magurudumu, liliweza kuwa nene na tanuri lake kuwa na kina. Mvuke ulikuwa mwingi, na kila ekseli ilibeba sehemu ndogo tu ya uzito.

Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ilikubali kujaribu. Vichwa viwili vya kwanza vilikwenda Tasmania mwaka 1909, kwenye reli yenye upana wa milimita 610 tu. Miaka minne baadaye, Septemba 1913, Garratt alifariki akiwa na miaka 49. Wakati huo vichwa vyake vilikuwa bado vichache. Baadaye vilitengenezwa zaidi ya 1,600 duniani.

Kenya na Uganda zilivipokea mwaka 1926, na Tanganyika ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1930. Vilivyovuma zaidi ni vile 34 vya daraja la 59, vilivyoletwa mwaka 1955 na 1956 kwa njia ya Mombasa hadi Nairobi. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250, kikitembea juu ya reli ya upana wa mita moja. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Viwili vimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, na vyote viwili vina majina ya milima ya Tanzania: Gelai na Shengena. Injini za dizeli ziliviondoa kazini kufikia karibu mwaka 1980.

Mahindi ya Ufipa leo hutoka kwa malori. Dereva anayefika mizani hupimwa uzito wa kila ekseli, kwa sababu barabara huumizwa na gurudumu lililobeba kupita kiasi. Ndiyo maana semitrela ina ekseli nyingi na hupinda katikati kwenye kona. Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyomshughulisha Garratt zaidi ya miaka mia moja iliyopita: mzigo mkubwa upite salama kwenye njia iliyopo, hata ikiwa njia yenyewe ni dhaifu.