Mwenye Heri Isidore Bakanja, Kijana wa Rozari



Wapendwa katika Bwana, mwezi wa Oktoba ni mwezi wa Rozari Takatifu. Katika jumuiya zetu wako ndugu wasiosali rozari. Wengine hawakufundishwa walipokuwa nyumbani. Wengine rozari zao zilipotea njiani wakati wa kukimbia. Wengine wanangoja mpaka padre afike, na padre ana vituo vingi. Kwa ajili yao tunasimulia maisha ya kijana wa Kongo aliyeishi mbali na kwao, mahali pasipo padre wala kikanisa, akabaki Mkristo.

Isidore Bakanja alizaliwa katika miaka ya 1880 huko Bokendela, katika nchi ya Equateur. Wakati ule Kongo ilikuwa mali ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, naye aliitawala mpaka mwaka 1908. Wananchi walilazimishwa kutafuta mpira msituni, na aliyeshindwa kuleta kiasi alichoagizwa alipigwa. Kama vijana wengi, Bakanja aliondoka kijijini kutafuta kazi. Alifika Mbandaka, mji ambao Wazungu waliuita Coquilhatville, akawa msaidizi wa mafundi waashi.

Huko ndiko alikokutana na wamisionari Watrapisti. Akaandikwa mkatekumeni, akajifunza sala, na tarehe 6 Mei 1906 akabatizwa. Siku ile alipewa vitu viwili, rozari na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Skapulari ni vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyounganishwa kwa uzi, kimoja kifuani na kingine mgongoni. Kwa Wakristo wa nchi ile, hiyo ndiyo ilikuwa alama ya kutambulikana. Aliyemwona amevaa skapulari alijua kwamba huyu ni mtu wa Kristu.

Baadaye Bakanja alipata kazi ya boi kwa Mzungu mmoja wa kampuni ya Kibelgiji ya biashara ya mpira. Bwana wake alipohamishiwa Ikili, naye akaenda. Ikili hapakuwa na misioni. Hapakuwa na Misa siku ya Dominika wala katekista wa kumwongoza. Kijana huyu alibaki na rozari yake mfukoni na skapulari yake shingoni, na hivyo ndivyo vilivyokuwa kanisa lake. Alisali kila siku. Wafanyakazi wenzake walipomwuliza anafanya nini, aliwafundisha kusali.

Msimamizi wa Ikili aliwachukia wamisionari. Wakala wengi wa kampuni walikuwa hivyo, maana wamisionari waliwatetea wananchi waliodhulumiwa. Huyu aliogopa kwamba kijiji kizima kitaanza kusali, na kazi ya mpira itasimama. Akamkataza Bakanja kufundisha wenzake, akamwamuru pia aitupe skapulari. Bakanja aliomba ruhusa ya kurudi kwao, akanyimwa. Skapulari hakuivua, akapigwa mara ya kwanza.

Mwaka 1909 msimamizi alimkuta tena ameivaa. Aliikwanyua kwa nguvu, akaitupa, akaamuru kijana alazwe chini. Wengine walimshika mikono na miguu, na mwingine akalazimishwa kumpiga kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari. Alipigwa viboko zaidi ya mia moja, mgongo wote ukawa jeraha. Kisha akafungwa minyororo miguuni, akafungiwa ndani ya nyumba ya kukaushia mpira.

Mkaguzi wa kampuni alipokaribia kufika, msimamizi alitaka kumficha, akamwondosha pale. Bakanja alijificha msituni, akajikokota mpaka akamfikia yule mkaguzi. Mkaguzi alishtuka kuona majeraha yale, akamchukua ili auguzwe. Lakini majeraha yalikuwa yameoza.

Wapendwa, hapa tusikilize vizuri. Bakanja aliagiza kwamba yeyote atakayemwona mama yake, au hakimu, au padre, awaambie kwamba anakufa kwa sababu ni Mkristo. Hakuyaficha mabaya aliyotendewa. Alitaka hakimu ajue. Mapadre wawili walipofika kumpa sakramenti, walimwomba amsamehe aliyempiga. Yeye akajibu kwamba ameshamsamehe, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana.

Wengi wetu tumebeba vidonda ambavyo daktari wa kambini havioni. Nyumba iliyochomwa, ndugu aliyeuawa, jirani aliyetugeuka. Tukisikia neno kusamehe, tunadhani tunaambiwa tunyamaze, tuseme hakuna kilichotokea. Bakanja hakufanya hivyo. Alisema ukweli mbele ya mkaguzi, akaacha chuki isimwingie moyoni. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja.

Nguvu hiyo aliitoa wapi? Tazameni rozari yenyewe. Kabla ya kila tendo tunasali Baba Yetu, na ndani ya Baba Yetu tunaomba kusamehewa jinsi tunavyowasamehe wengine. Katika matendo ya uchungu tunamtazama Yesu akipigwa mijeledi. Mtu anayesali hivyo kila siku, moyo wake unazoea taratibu. Siku ya mateso ilipofika, Bakanja hakuanza kujifunza kusamehe. Alikuwa ameanza zamani.

Alifariki mwezi wa Agosti 1909, baada ya miezi ya maumivu, rozari mkononi na skapulari shingoni. Tarehe 24 Aprili 1994, wakati wa Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri huko Roma. Ulikuwa mwezi ule ule ambao damu ilikuwa inamwagika Rwanda, na maelfu walikuwa wanavuka mipaka kama sisi tulivyovuka.

Basi, asiyejua aanze. Rozari haihitaji kitabu, na asiyejua kusoma anaweza kuisali. Asiye na rozari achukue kamba, afunge mafundo kumi, au ahesabu kwa vidole. Familia ianze na tendo moja tu jioni kabla ya kulala: Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi, Atukuzwe Baba moja. Mama ataje tendo na kulieleza kwa maneno machache, watoto waitikie. Wakizoea, waongeze mpaka yatimie matendo matano.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Katika jumuiya yetu, nani anaweza kuwafundisha wengine rozari wiki hii?
2. Bakanja alisamehe, lakini alitaka hakimu ajue. Sisi tunaelewaje jambo hili?
3. Ni nani ambaye bado tunashindwa kumwombea?

Mwenye Heri Isidore Bakanja, utuombee.