Francis Galton, mutu wa filimbi ambayo wazee hawasikie

Mu mwaka 2006, wanafunzi wa Uingereza na Marekani walitia mu telefone zao soneri moja ya ajabu. Telefone inalia katikati ya somo, darasa nzima inasikia, lakini mwalimu aliyesimama mbele yao hasikie kitu. Sauti ile ilikuwa nyembamba sana, zaidi ya mitetemo 17,000 kwa sekunde. Ilitoka ku chombo kimoja kinachoitwa Mosquito, ambacho Howard Stapleton wa Wales alikuwa ametengeneza mwaka 2005 kwa kufukuza vijana wanaopenda kusimama mbele ya maduka. Vijana wakageuza mambo: sauti iliyotengenezwa kwa kuwafukuza ikawa ya kuwasaidia kuficha ujumbe wao.

Lakini jambo lenyewe, kama sikio la kijana na sikio la muzee hayasikie sawa, lilikuwa limepimwa karibu miaka 130 mbele ya soneri hiyo. Aliyelipima aliitwa Francis Galton. Maisha yake yanastahili kujulikana hapa kwetu, juu mutu huyo alipima masikio, kisha akataka kupima pia thamani ya watu.

Galton alizaliwa tarehe 16 Februari 1822 karibu na muji wa Birmingham, Uingereza. Baba yake alikuwa mutu wa benki. Mama yake alikuwa wa jamaa ya Darwin, na mutaalamu Charles Darwin alikuwa ndugu yake upande huo. Utajiri wa akina Galton ulitoka pia ku bunduki. Kiwanda cha jamaa hiyo kiliuza bunduki nyingi zilizoletwa Afrika wakati wa biashara ya watumwa.

Alianza kusoma uganga Birmingham na London, kisha akaenda kusoma hesabu Cambridge. Baba yake alipokufa mwaka 1844, alimwachia mali ya kutosha. Tangu siku hiyo Galton hakutafuta tena kazi ya mushahara. Alifanya tu yale ambayo moyo wake ulipenda.

Kwanza alipenda safari. Alipanda muto Nile mpaka Sudani, na mwaka 1850 akafika kusini-magharibi ya Afrika, mu inchi ambayo leo inaitwa Namibia. Alitembea kule karibu miaka miwili, akafika mpaka kwa mufalme Nangolo wa Ondonga. Kila mahali alikuwa anapima: milima, njia, hata watu. Siku moja aliona mwanamuke mu misioni, akataka kujua vipimo vya mwili wake. Hakumuomba ruhusa. Alisimama mbali na kile chombo cha kupimia nyota, akapiga hesabu, akaandika. Aliporudi Uingereza, Shirika la Kifalme la Jiografia lilimpa medali ya zahabu. Mwaka 1853 alioa Louisa Butler, hawakupata mutoto.

Karibu mwaka 1876 Galton alitengeneza filimbi ndogo ya shaba. Ndani yake kulikuwa kizibo kinachosukumwa na parafujo. Kadiri unazungusha parafujo, tundu la filimbi linafupika na sauti inazidi kuwa nyembamba. Alama zilizoandikwa juu yake zinaonyesha umefika wapi. Galton alikuwa anaita marafiki, anapiga filimbi, anapandisha sauti polepole, na kila mutu anasema pale anapoacha kusikia. Wazee njo walikuwa wanaacha kwanza. Wengi wao hawakuwa wamejua kama kuko sauti zimekwisha kupotea mu masikio yao, na walikasirika kidogo kuona vijana wangali wanasikia. Galton alifurahia kuwaona vile.

Hakuishia kwa watu. Alifunga filimbi ku ncha ya fimbo yake ya kutembelea, akatia mupira wa hewa upande wa mukono. Akaenda mu bustani ya wanyama ya London, anakaribisha fimbo ku sikio la munyama, anaminya mupira. Munyama akigeuza sikio, Galton anaandika. Paka walishinda wote. Alifikiri ni juu paka wanawinda panya, na panya wanalia kwa sauti nyembamba. Imbwa wadogo pia walisikia vizuri. Filimbi zinazotumiwa leo kwa kuita imbwa zilitoka ku ile ya Galton.

Sababu yenyewe ilieleweka vizuri baadaye. Ndani ya sikio kuko kitu kilichojikunja sawa nyumba ya konokono, na mule kuko chembe zenye vinywele vidogo sana. Zile za karibu na mulango zinapokea sauti nyembamba; zile za ndani kabisa zinapokea sauti nzito. Za mulangoni njo zinachoka kwanza, na kwa binadamu zikikufa haziote tena. Mutoto anaweza kusikia mpaka karibu mitetemo 20,000 kwa sekunde. Kadiri miaka inapita, kile kiwango kinashuka. Mashini ya kusaga, jenereta, muziki wa kutia moja kwa moja mu masikio, risasi na mabomu, vyote vinaharakisha ile hasara.

Mwaka 1884 Galton alifungua mahali pa kupimia watu mu maonyesho makubwa ya afya kule London. Watu 9,337 walipita. Kila mumoja alilipa peni tatu, akapimwa urefu, nguvu za mukono, macho, na sauti nyembamba ya mwisho anayoweza kusikia.

Hapa njo ubaya wake unaonekana. Galton hakutosheka na kujua kama watu wanatofautiana. Alitaka kuwapanga kwa ngazi, na mu kitabu cha mwaka 1869 alikuwa amekwisha kuweka watu weusi chini ya wazungu. Mwaka 1873 aliandika mu gazeti la Times kama ingekuwa vema Wachina waletwe pwani ya mashariki ya Afrika, wakae pale, na Waafrika wasukumwe mpaka wapotee. Mwaka 1883 alitunga jina eugenics, yaani elimu ya kuchagua wanaostahili kuzaa na wasiostahili. Mawazo hayo yalikwenda mbali. Marekani, maelfu ya watu walikatwa uzazi bila kutaka. Ujerumani, Wanazi waliyatumia kwa kuua.

Mutu yule yule aliandika mwaka 1892 kitabu kilichoonyesha kama alama za vidole hazifanane kwa watu wawili na hazibadilike mu maisha. Kila mukaaji wa Kongo aliyewahi kuweka vidole juu ya mashini kwa kupata karte ya uchaguzi amegusa kazi hiyo.

Mu uzee Galton mwenyewe alianza kuwa kiziwi. Yeye aliyecheka wazee wenzake alishindwa kufuata maneno mu mikutano. Mwaka 1909 alipewa cheo cha Sir, na tarehe 17 Januari 1911 akafariki, mwenye miaka 88. Aliachia chuo kikuu cha London, University College, mali ya kuendesha elimu ile ya kuchagua watu. Mwaka 2020 chuo hicho kiliondoa jina lake ku ukumbi wake mumoja wa masomo.

Filimbi yake ilisema ukweli ambao yeye hakutaka kusikiliza: mupaka ulioonekana kati ya wanaosikia na wasiosikia haukuwa wa damu wala wa cheo, ulikuwa wa miaka, na kila aliye hai anautembelea.

Basi muzee wa nyumbani akisema anasikia sauti lakini hashike maneno, si kiburi wala usahaulifu. Herufi sawa s na f ni nyembamba, njo zinapotea kwanza. Kupiga kelele hakumusaidie. Umukaribie, aone uso wako, useme polepole, na uzime radio kidogo mupaka mazungumzo yaishe.