Stu Ungar: alijua karata, hakujua kusimama

Hapa Muhumba, mtu mwenye karata nzuri mkononi hapendi kuziachia. Maisha ya Mmarekani Stu Ungar yanaonyesha hatari yake.

Alizaliwa New York mwaka 1953. Baba yake alikuwa na baa ya kamari, kwa hiyo mtoto alijua karata mapema. Ku gin rummy alishinda mpaka watu wakakataa kucheza naye. Akahamia poka.

Mwaka 1980, ku Las Vegas, alifika fainali ya mashindano ya dunia na Doyle Brunson, bingwa wa 1976 na 1977. Karata tatu za kwanza mezani zilikuwa asi, saba na mbili. Brunson alishika asi na saba: jozi mbili tayari. Ungar alikuwa na nne na tano tu. Karata ya nne ikatoka tatu, Ungar akapata mfululizo, asi mpaka tano. Brunson aliweka zote, akapoteza. Kuna poka ambayo dau haliwezi kupita pesa iliyo mezani. Ile haikuwa na kikomo.

Ungar alishinda tena 1981, na 1997 akapata dola milioni moja, nusu yake ya rafiki aliyemlipia kiingilio. Zingine ziliishia ku kamari na madawa ya kulevya.

Tarehe 22/11/1998 alikutwa amekufa ndani ya moteli, akiwa na miaka 45 na dola kama 800 mfukoni. Marafiki walichanga ili azikwe.